Jini Huja Baadaye: Filamu za Kutisha na Neno la Mwanamke

Katika filamu ya Rosemary's Baby, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Juni 1968, tukio la kutisha kuliko yote halina shetani wala damu. Linatokea mchana, katika chumba cha daktari. Rosemary Woodhouse, mjamzito aliyekaribia siku zake, amekimbia nyumbani kwake jijini New York katika joto kali, akampigia simu daktari kijana aitwaye Hill kutoka kibanda cha barabarani, na daktari amekubali kumwona. Anamweleza yote: majirani wazee wanaomletea kinywaji cha majani kila siku, mumewe, mwigizaji wa tamthilia, ambaye mlango wa riziki umemfungukia ghafla, na Sapirstein, daktari mashuhuri wa uzazi, aliyemkataza kusoma vitabu na kuwasikiliza rafiki zake. Hill anasikiliza kwa upole. Anamwambia ajilaze apumzike. Rosemary anajilaza, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi yeye ni mtu aliyeaminiwa. Mlango unapofunguliwa tena, wanaoingia ni Sapirstein na mumewe.

Hill si mmoja wa wachawi. Hilo ndilo linalolipa tukio hili uzito wake. Ni daktari mwema aliyefanya kile ambacho daktari mwema wa mwaka 1966, mwaka ambao hadithi inafikia kilele chake, angekiona kuwa wajibu: amemsikia mwanamke akizungumzia uchawi, akampigia simu mwenye mwanamke. Sapirstein naye hana haja ya kumtisha Rosemary kwa Ibilisi. Anamwonya tu kwamba akiendelea kuyataja mambo ya wachawi, watalazimika kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Onyo hilo linatosha.

Wahakiki wa filamu wamezoea kwa muda mrefu sasa kulisoma jini la sinema kama sitiari. Robin Wood, katika insha yake ya mwaka 1979 kuhusu filamu za kutisha za Marekani, alieleza kwamba zimwi ni kile ambacho jamii imekikandamiza kikirudi kudai haki yake. Barbara Creed, katika kitabu chake The Monstrous-Feminine cha mwaka 1993, alionyesha jinsi tumbo la uzazi, damu na umama vilivyogeuzwa kuwa sura za kutisha. Usomaji wa namna hii umezaa matunda mengi, na leo hakuna mwanafunzi wa fasihi asiyejua kwamba mimba ya Rosemary "inawakilisha" shinikizo la ndoa na uzazi. Hata hivyo usomaji huo una ufa, na ufa wenyewe unaonekana pale pale katika chumba cha Hill. Kumwambia mwanamke kwamba anachokiona hakipo, kwamba ni alama tu ya jambo jingine lililomo ndani yake, ndiyo kazi aliyoifanya Hill. Mhakiki anayeharakisha kuliondoa jini ili aweke nadharia mahali pake ameketi, bila kukusudia, kwenye kiti cha daktari.

Kiti hicho ni cha zamani. Mwaka 1892 Charlotte Perkins Gilman alichapisha The Yellow Wallpaper, hadithi fupi ya mwanamke aliyetoka kujifungua ambaye mumewe, daktari, amemfungia apumzike katika chumba chenye karatasi za ukutani za rangi ya manjano. Anakatazwa kuandika. Taratibu anaanza kumwona mwanamke mwingine akitambaa nyuma ya michoro ya ukuta. Gilman hakuyatoa hayo hewani: mwaka 1887 alikuwa ametibiwa na Silas Weir Mitchell, tabibu maarufu wa Philadelphia, aliyekuwa akiwaagiza wanawake wenye huzuni walale, wale, na waiache kalamu. Jina lenyewe la ugonjwa waliokuwa wakibandikwa wanawake wa namna hii, histeria, limetokana na neno la Kigiriki la tumbo la uzazi. Mpaka mwaka 1980 ndipo chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipoliondoa neno hilo kama jina la ugonjwa katika mwongozo wake rasmi.

Kwa hiyo Ira Levin alipoitoa riwaya ya Rosemary's Baby mwaka 1967, na Roman Polanski alipoigeuza filamu mwaka uliofuata akiwa na Mia Farrow kama mhusika mkuu, walikuwa wakiandika juu ya ukuta uliokwisha kuchorwa. Walichoongeza ni sheria na dawa za wakati wao. Kidonge cha kuzuia mimba kilikuwa kimeidhinishwa Marekani mwaka 1960, lakini ilihitajika hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi, mwaka 1965, kuyazuia majimbo yasiwakataze hata watu waliooana kutumia njia za uzazi wa mpango. Kutoa mimba New York kulikuwa jinai isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama, na sheria hiyo haikulegezwa hadi 1970. Halafu kulikuwa na thalidomide. Dawa hiyo ya kutuliza, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni mwaka 1961, ilisababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Marekani haikuruhusiwa kuuzwa wakati huo, shukrani kwa ukaidi wa Frances Kelsey, ofisa wa mamlaka ya dawa aliyekataa kuweka saini. Lakini kampuni iliyotaka kuiuza ilikuwa tayari imegawa vidonge kwa madaktari zaidi ya 1,000 ili wavijaribu kwa wagonjwa, na wanawake wengi walivimeza bila kujua jina la walichomeza. Mtazamaji wa 1968 aliyemwona Minnie Castevet akisimama mlangoni na bilauri ya kinywaji cha kijani, akingoja hadi tone la mwisho linywewe, hakuhitaji kufafanuliwa.

Usiku ambao mimba inaingia unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Rosemary amelishwa kitu cha kumlevya. Anaamka asubuhi na mikwaruzo mwilini. Mumewe, Guy, anamwambia kwa wepesi kwamba ni yeye. Hakutaka usiku ule walioupanga upotee, hata kama mkewe alikuwa hajitambui. Anachokisema Guy ni uongo, kwani aliyekuja si yeye. Lakini ni uongo ambao ameuchagua kwa sababu unakubalika. Katika jimbo la New York mume hakuweza kushtakiwa kwa kumbaka mkewe hadi Desemba 1984, mahakama ya juu ya jimbo ilipoufuta msamaha huo. Shetani, kwa maneno mengine, amejificha nyuma ya jambo la halali. (Kwamba filamu inayoyajua haya yote iliongozwa na mtu ambaye mwaka 1977 alikiri mahakamani kosa la kufanya ngono na msichana wa miaka 13, kisha akaikimbia Marekani kabla ya kuhukumiwa, ni jambo ambalo mhakiki anaweza kulipima apendavyo. Kulisahau hawezi.)

Hapa ndipo sitiari inaposhindwa kubeba mzigo wote. Shetani wa Rosemary hasimami badala ya ndoa, daktari, au sheria. Ndoa, daktari na sheria zimo zenyewe, zimeonyeshwa waziwazi, zina majina na anwani. Kazi ya shetani ni nyingine: yeye ni ushahidi. Mtazamaji ameona alichokiona Rosemary. Anajua kwamba maumivu si ya kubuni na kwamba majirani si wema tu. Filamu imemfanya mtazamaji kuwa shahidi pekee wa mwanamke ambaye hana shahidi mwingine, kisha ikamketisha kwenye kiti asichoweza kuinuka akatoe ushahidi wake. Hofu anayoihisi ni hofu ya shahidi aliyefungwa mdomo. Nayo filamu inadai bei kubwa: ili neno la mwanamke lithibitike, sharti lile baya kabisa alilolihofia liwe kweli.

Miaka 48 baadaye bei hiyo hiyo ilidaiwa Tehran, na mwanamke aliyeilipa alikuwa karibu awe daktari mwenyewe.

Under the Shadow, filamu ya Babak Anvari iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance Januari 2016, ni kazi ya ughaibuni kwa kila hali. Anvari alizaliwa Tehran mwaka 1983 na anaishi Uingereza. Wahusika wanazungumza Kiajemi. Tehran yenyewe ilipigwa picha Amman, Jordan. Uingereza iliiteua filamu hii iiwakilishe katika kuwania tuzo ya Oscar ya filamu zisizo za Kiingereza, jambo ambalo wasomaji wa lugha nyingine za wahamiaji huenda wakalisoma kwa wivu kidogo.

Hadithi inafanyika mwaka 1988, katika miezi ambayo Iraq ilirusha makombora zaidi ya mia moja juu ya Tehran. Watu wamebandika utepe kwenye vioo vya madirisha ili visiruke vipande. Shideh, anayeigizwa na Narges Rashidi, anaenda chuo kikuu kuomba arudishwe kwenye masomo ya udaktari. Anakataliwa moja kwa moja, kwa sababu wakati wa mapinduzi alijiunga na wanafunzi wa mrengo wa kushoto. Anarudi nyumbani na kuvitupa vitabu vyake vyote isipokuwa kimoja, zawadi ya mama yake aliyefariki karibuni. Mumewe, Iraj, ambaye yeye alimaliza masomo na ni daktari, anajaribu kumfariji kwa kusema huenda imekuwa heri. Kisha anaitwa vitani, naye Shideh anabaki na binti yao Dorsa katika jengo ambalo wapangaji wanazidi kulihama.

Yote hayo yanatokea kabla jini lolote halijaingia. Anvari hana haraka. Anatumia sehemu kubwa ya mwanzo wa filamu kumwonyesha Shideh akifunga mapazia ili afanye mazoezi ya viungo kwa kuifuatisha kanda ya Jane Fonda, akitumia deki ya video ambayo ni marufuku kuwa nayo na ambayo majirani hawatakiwi kuijua. Mwili unaoruka na kutoka jasho mbele ya runinga, nyuma ya pazia, ndio uhuru wote uliobaki. Mwaka 1979, katika siku za kwanza za utawala mpya, sheria ya kulinda familia iliyokuwa imewapa wanawake haki fulani katika talaka na malezi ya watoto ilisimamishwa, na Machi 8 ya mwaka huo maelfu ya wanawake waliandamana Tehran kupinga agizo la kujifunika kichwa. Kufikia 1983 adhabu ya kutojifunika hadharani ilikuwa imeandikwa katika sheria: viboko 74.

Adhabu hiyo inaingia katika hadithi kwa njia ambayo mtazamaji haisahau. Kombora limetoboa paa na kukwama ghorofa ya juu bila kulipuka. Mwanasesere wa Dorsa amepotea. Mtoto anasema kuna mwanamke anayemwambia kwamba mama yake hawezi kumlea. Usiku mmoja Shideh anaona kitu ndani ya nyumba, anamnyakua mtoto na kukimbilia barabarani kichwa wazi. Walinzi wanamkamata. Mama aliyeyakimbia majini anajikuta kituoni akisomewa makosa ya mavazi yake, anatishiwa viboko, kisha anavishwa chadori na kurudishwa nyumbani. Jini linapojidhihirisha baada ya hapo, limechukua umbo la chadori: nguo tupu yenye maua, haina uso, inatanda na kuujaza ukumbi. Hakuna anayehitaji nadharia ili kulifasiri umbo hilo, na pengine wepesi huo ndio udhaifu mdogo wa filamu. Chenye nguvu zaidi ni maneno ya jini. Hayana jambo jipya. Yanarudia yale ambayo Iraj, chuo na walinzi wamekwisha kuyasema kwa adabu: kwamba yeye ni mama asiyefaa.

Shideh, tofauti na Rosemary, haamini. Ni mwanamke wa sayansi. Jirani yake, Bibi Ebrahimi, ndiye anayemweleza kwamba majini husafiri na upepo na kwamba yakichukua kitu anachokipenda mtu, hayamwachi tena. Shideh anayapuuza maneno hayo kwa dharau ya msomi, vilevile kama Hill alivyoyapuuza ya Rosemary. Mwanamke mmoja amekuwa mgonjwa na daktari kwa pamoja, na sehemu kubwa ya hofu ya filamu imo katika muda anaouchukua kujiamini mwenyewe.

Majini yanayosafiri na upepo si ubunifu wa mwandishi wa filamu. Mwaka 1966 Gholam-Hossein Sa'edi, mwandishi aliyekuwa pia daktari wa akili, alichapisha Ahl-e Hava, uchunguzi wake kuhusu watu wa upepo katika pwani ya kusini ya Iran: watu waliopandwa na zar na pepo nyingine, na wanaotibiwa kwa ngoma, uvumba na kafara chini ya uongozi wa baba au mama wa zar, wengi wao wakiwa wa asili ya Kiafrika. Miaka mitatu baadaye Nasser Taghvai alipiga picha hafla za namna hiyo Bandar Lengeh katika filamu yake fupi Bad-e Jenn, Upepo wa Jini. Wenyeji wa pwani hiyo wanasimulia kwamba baadhi ya pepo hizo zilivuka bahari kutoka Afrika. Kwa msomaji wa Kiswahili, hasa yule anayeishi Muscat au Dubai, safari hiyo haina ugeni wowote. Waajemi husema bad, upepo, wakimaanisha kile kinachomwingia mtu. Kiswahili husema pepo, na upepo ni ndugu yake wa damu.

Katika pwani ya Waswahili, hata hivyo, mambo hupangwa kwa namna nyingine, na tofauti hiyo inaonyesha kinachokosekana katika nyumba ya New York na ile ya Tehran. Mwanamke anapopandwa na pepo, hapewi dawa ya usingizi. Anaitwa kiti, na pepo ndiye aliyekikalia. Kuna kilinge, kuna mganga, kuna wapiga ngoma, na kuna hadhira ya ndugu, majirani na wanachama wengine wa chama cha pepo huyo. Mganga huzungumza na pepo: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini? Naye pepo hujibu, kwa lugha yake kama ni wa kigeni, kama vile wale wa kibuki ambao Zanzibar wanajulikana kuwa ni wa kutoka Bukini. Hutaka nguo, pete, marashi, chakula fulani, au ngoma nyingine kila mwaka. Mume na jamaa hutafuta gharama. Mambo ambayo mke hakuweza kuyadai mezani yamedaiwa na mgeni mwenye hadhi, mbele ya mashahidi, na yamekubaliwa.

I. M. Lewis aliijengea hali hii nadharia mashuhuri, kwanza katika makala ya 1966 na kisha katika kitabu chake Ecstatic Religion cha 1971: kupandwa na pepo ni silaha ya wanyonge, njia ya wanawake ya kulalamika bila kulaumiwa kwa kulalamika. Ni maelezo yenye mvuto, na anayetazama filamu za kutisha akiwa nayo mkononi atapata anachokitafuta. Lakini mwaka 1987 Linda Giles, aliyefanya utafiti wake katika pwani ya Waswahili yenyewe, aliyapinga katika jarida la Africa. Aligundua kwamba vyama vya pepo havikuwa makimbilio ya waliosukumwa pembezoni tu. Vilikuwa na watu wanaoheshimika, vilikuwa na wanaume, na vilikuwa sehemu ya namna Waswahili wanavyojieleza wao ni nani na bahari imewaletea nini. Janice Boddy naye, katika utafiti wake wa zar kaskazini mwa Sudan uliochapishwa 1989, alikataa kuipunguza zar iwe malalamiko tu. Mtu aliyeketi kilingeni angeshangaa kuambiwa kwamba pepo mwenye jina, kabila, dini na chakula chake "anawakilisha" ugumu wa ndoa. Ugumu wa ndoa anaujua. Pepo anamjua pia. Haoni kwa nini kimoja kiwe kivuli cha kingine.

Ukizirudia filamu zile mbili kutoka kilingeni, unaona kwamba hazina mganga. Hakuna mtu mzima hata mmoja anayemuuliza jini jina lake. The Exorcist ya mwaka 1973 ilijaribu kuwa na kilinge cha aina yake: mama aliyeachika, mwigizaji anayelea peke yake, anazunguka kwa madaktari na binti yake hadi mapadri wanaitwa. Lakini mapadri wale wanakuja kumfukuza pepo, hawaji kumsikiliza, na kama Carol Clover alivyoonyesha mwaka 1992, hadithi inateleza kutoka kwa msichana kitandani hadi kwenye mashaka ya imani ya padri kijana. Mwili wa msichana umekuwa jukwaa la tatizo la mwanamume. Mwishoni anaamka na hakumbuki kitu. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Rosemary yeye anaulizwa, ingawa kwa kuchelewa, na swali linatoka kwa waliomdanganya. Wanamwalika awe mama wa mtoto wake. Filamu haimwonyeshi mtazamaji mtoto yule vizuri. Inamwonyesha uso wa Mia Farrow akianza kukitikisa kitanda cha kubembelezea.

Shideh anafanikiwa kutoka. Anamtia Dorsa garini, moto wa injini unakubali, wanaondoka Tehran kuelekea kwa wazazi wa Iraj, mahali ambapo mumewe alimtaka aende tangu mwanzo na alikokataa kwenda. Bibi Ebrahimi alikuwa amekwisha kueleza kanuni: jini likishika kitu unachokipenda, litakufuata popote. Kamera inabaki nyuma katika nyumba iliyohamwa. Kuna vitu viwili vilivyosahauliwa. Kimoja ni kichwa cha mwanasesere wa Dorsa. Cha pili ni kile kitabu cha udaktari.